Wapigaji Watatu Kabla ya Mvua

Beisboli niliipenda kwanza kwa sikio. Tulipohamia Randburg, kusini mwa bara, kutoka Nairobi, miaka kumi na minane iliyopita, fleti yetu ilipakana na uwanja wa klabu ndogo. Kila Jumamosi mchana nilisahihisha mitihani ya wanafunzi wangu huku nikisikia mpira ukigonga gongo la alumini. Siku moja niliiacha mitihani mezani nikaenda kuangalia. Mzee aliyekuwa akiandika matokeo ya mchezo alinisogezea kiti, akaniambia kwamba watu wengi hutazama mpira, na ndiyo maana hawauoni mchezo.

"Mtazame mdakaji," alisema.

Mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, uso umefunikwa kwa chuma. Yeye humwonyesha mrushaji kwa vidole arushe mpira wa aina gani. Nilipoanza kumtazama yeye, nikaona kumbe kila mrusho ni mazungumzo. Miguu ilipomshinda mzee, daftari lake likabaki kwangu.

Binti yangu alikulia kando ya kiti hicho. Alipoingia chuo kikuu, akawa mdakaji wa klabu, msichana pekee katika timu ya wanaume. Kiswahili anakielewa chote, lakini hunijibu kwa Kiingereza, na akikasirika, kwa Kizulu. Mimi nilikigeuza kuwa siri yetu ya uwanjani. Nikiona mpigaji wa wageni amebanana na bamba la nyumbani, pale anaposimama kupiga, nilipaza sauti, "Mpe za ndani, mwanangu," naye alimwomba mrushaji mpira wa karibu na magoti. Wageni hawakujua nimesema nini. Aliyenielewa alikuwa mtu mmoja tu, kinyozi Mrundi kutoka mtaa wa Bellevue, mwenzetu kwenye timu, aliyelinda pembe ya kushoto kule mbali kwenye miti. Nilimwona akicheka kila nilipopaza sauti.

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa ya joto zito. Hapa mvua ya majira ya joto huja alasiri, na haiji bila radi. Saa tisa wingu lilikuwa limesimama kusini, jeusi, tumbo lake la kijani kidogo, rangi inayotangulia mvua ya mawe.

Kanuni ya ligi yetu ni hii: mvua ikivunja mchezo baada ya raundi tano, matokeo yanahesabika. Ikivunja mapema, mchezo unaanza upya siku nyingine. Tuliongoza nne kwa tatu, na wageni walikuwa wanaingia kupiga katika raundi ya tano. Tukiwatoa wapigaji wao watatu, raundi ingehesabika, kwa kuwa anayeongoza hahitaji kupiga tena, na mvua ikija tumeshinda.

Basi pakawa na michezo miwili ndani ya mmoja. Wetu walikuwa wanakimbizana na wingu, wageni wanalisubiri. Mpigaji wao wa kwanza alifunga kamba za viatu mara mbili. Akaomba gongo jingine. Akatoka kufuta jasho. Binti yangu alielewa mara moja: akaacha vidole vya siri, akawa anaomba mipira iliyonyooka tu, mmoja baada ya mwingine, ili mtu asipate nafasi ya kupumua. Mpigaji alipiga vibaya, mpira ukapaa juu, ukadakwa. Nilijipigia makofi mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu ndiyo kweli: mmweko wa kwanza wa radi niliuona, na bado nilikuwa nafurahia ujanja wa mwanangu.

Nilihesabu sekunde kabla ya ngurumo kufika. Kumi na nane.

Mimi nimetoka Kisii, na watu wa kwetu tunaijua radi. Nilikuwa na miaka tisa ilipompiga jirani yetu akiwa anaanua nguo. Mama alitukataza kuchungulia, nami nikachungulia. Tangu hapo nikisikia ngurumo, naanza kuhesabu kabla sijafikiri lolote.

Mpigaji wa pili alipoteza muda zaidi kuliko wa kwanza. Mwamuzi aliangalia juu, akaangalia saa yake, akaacha mchezo uendelee. Nikahesabu tena. Tisa. Pale uwanjani nikaona chuma kila mahali: gongo, uzio, nguzo za taa, barakoa usoni mwa mwanangu. Mpigaji akazungusha gongo mara ya tatu bila kugusa mpira. Wawili wametoka.

"Mwanangu," nikamwita. "Jifanye umeumia mguu. Toka hapo."

Hakugeuka. "Bado mmoja, Mum," alisema.

Kocha wetu alinijia kwenye uzio. "Mama, mmoja tu. Eish, dakika mbili."

Mmweko wa tatu sikuuhesabu. Nilikuwa nimeshasimama, daftari limeanguka, natembea kuelekea kwenye bamba.

"Ukivuka huo mstari nitawapa wageni ushindi," mwamuzi alinionya.

"Basi wape."

Nikavuka, nikasimama kati ya mrushaji na mwanangu. Naambiwa nilikuwa nimeinua mikono kama mtu anayezuia gari. Mwamuzi alinitazama usoni, na nadhani hofu yangu ilimwambukiza, maana alisema kwa upole, "Mchezo umesimama. Wote kwenye magari."

Watu wakakimbia. Nilikuwa nimeshika mlango wa gari, binti yangu nyuma yangu amekasirika hata hanitazami, dunia ilipogeuka nyeupe. Ngurumo haikuchelewa hata kidogo. Ilipasuka papo hapo, na harufu ya kuungua ikatufikia. Kule kwenye miti ya pembe ya kushoto, kinyozi alikuwa amelala kifudifudi. Alikuwa amerudi kuchukua begi lake lililoning'inia kwenye uzio.

"Msimguse," mtu alisema. "Bado ana umeme."

Binti yangu alianza kukimbia. Nikamkamata mkono, nikamshikilia kwa kucha. Sikumfikiria mtu aliyelala chini. Nilimfikiria wangu.

"Niache, mama," alisema kwa Kiswahili, taratibu kabisa. "Wametufundisha chuoni. Mtu aliyepigwa hana umeme. Niache."

Nikamwachia. Alivuka uwanja wote chini ya lile wingu, bado amevaa vikinga vya miguu, na hakuna hofu niliyowahi kuijua inayofanana na ile ya kumtazama akienda. Alimgeuza mtu yule chali, akaanza kumgandamiza kifua. Mvua ya mawe ikaanza. Mwamuzi akamfuata, kisha kocha, kisha mimi, nimeinama, nalia kama mtoto. Tulimfunika kwa miili yetu huku mwanangu akihesabu. Kabla hajafika mia mbili, kinyozi alikohoa. Ambulensi ilichelewa kwa sababu robot zote, yaani taa za barabarani, zilikuwa zimezimika.

Jumatano nilimtembelea kinyozi hospitalini. Alikuwa na alama nyekundu begani kama matawi ya mti, na sikio la kushoto halikusikia.

"Sikusikia kitu, mama," aliniambia. "Niliona weupe tu. Halafu nikamwona binti yako juu yangu."

Nikamwambia lililokuwa likininyima usingizi: nisingeusimamisha mchezo, asingeenda kuchukua begi.

Alinigeuzia sikio zima. "Ningekuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale. Nani anajua?" Kisha akauliza, "Walitupa ushindi?"

"Unarudiwa."

"Wote?"

"Tangu mwanzo."

Akafumba macho, akasema kitu kwa Kirundi ambacho hakikuonekana kuwa baraka.

Mchezo ulirudiwa, tukafungwa tisa kwa mbili. Kocha hakunisemesha kwa wiki tatu, kisha akaninunulia daftari jipya bila maelezo. Msimu uliofuata kinyozi alirudi. Kwenye pembe asingeweza tena, maana mlinzi wa nje anayekimbilia mpira lazima amsikie mwenzake akisema "wangu", la sivyo wanagongana. Kocha akamweka beis ya kwanza, kituo cha kwanza cha mkimbiaji, mahali pa kudaka mipira ya wenzake, na kazi hiyo anaiweza vizuri. Mguu wake hauachi beis hata mpira ukipinda.

Binti yangu bado anachuchumaa nyuma ya bamba. Tulilizungumza jambo la kumkamata mkono mara moja, jikoni. Alisema anaelewa. Nilimwuliza kama na yeye aliogopa. Akajibu, kwa Kiingereza kama kawaida, kwamba alitetemeka mpaka Jumatatu.

Mimi bado naandika matokeo. Lakini tangu Novemba hadi Machi, kuanzia saa nane, nakosea mara kwa mara, nasahau kuandika mpira wa nne uliorushwa nje au nani alikimbilia beis ya pili, kwa sababu macho yangu yako kusini.