Kope za Nguruwe na Upinde wa Magurudumu

Siku ya kwanza kazini sikupewa bunduki. Nilifika ofisi ya wanyamapori Nachingwea nimevaa shati la kuazima, na upinde wa marehemu babu yangu begani, kwa kuwa walikuwa wanatafuta vijana wanaojua kuwinda. Bwana Nyama Mkuu, ndivyo watu walivyomwita mkuu wetu wa wilaya, akaamuru gunia lililojazwa majani litundikwe mwisho kabisa wa uwanja, akaniambia nilipige. Nikalipiga katikati. Watu wakashangilia, nami kichwa kikavimba. Yeye hakucheka. Alikwenda kulitungua gunia mwenyewe, akalileta karibu hata nikaona mshono wake.

"Hapa ndipo pa kupigia," akasema. "Kule ulikuwa unajionyesha tu. Mnyama usipoziona kope zake, shusha upinde."

"Na akikimbia, mzee?"

"Akikimbia mzima, ameshinda. Mimi namwogopa yule anayekimbia na mshale wako mwilini."

Nilidhani ni maneno ya mtu mzima anayependa kusikilizwa. Nimeyabeba mpaka leo.

Vijana wa sasa mkisikia askari wa wanyamapori mnawaza gari na redio ya mawasiliano. Sisi risasi zilikuwa za kuhesabu, tulizitunza kwa ajili ya tembo. Nguruwe pori, ambaye ndiye adui hasa wa mhogo na karanga, aliachiwa vikundi vya wapiga upinde vya vijijini, vyenye kibali, na kazi yangu ilikuwa kuvisimamia. Upinde wetu ulichongwa kwa mti wa mkole. Kamba yake, yaani ugwe, ilikuwa ngozi ya mbawala iliyosokotwa. Chembe, ile ncha ya chuma ya mshale, ilifuliwa na mhunzi, na kila mtu aliweka alama yake kwenye mshale, kwa sababu nitakayoieleza. Sumu ilikuwa marufuku, na aliyekamatwa nayo alitolewa kikundini hapohapo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Mnero. Mkuu wa kituo alikuwa Mkatoliki mkali, mtu wa misa ya asubuhi, naye ndiye aliyenifundisha desturi ya mshale. Ukimjeruhi mnyama, utamfuata mpaka umpate. Hakuna wa kukupokea, maana alama ni yako. Na mnyama huyo akimdhuru mtu kabla hujampata, jeraha lile umelifanya wewe: utalima shamba la aliyeumia mpaka aweze kushika jembe mwenyewe. Haikuandikwa popote, lakini sikuona mtu akiikwepa. Mimi ni Mwislamu, nguruwe nilimpiga nikamwacha alipoanguka, na wenyeji wa Mnero walikuja kumchukua wakinitania, "Ahsante, shehe wetu wa kitimoto!" Mkuu wa kituo alicheka mpaka akashika mbavu. Ile ndiyo miaka niliyoipenda kuliko yote.

Baadaye nikahamishiwa Ruangwa, chini ya Afisa Wanyamapori mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Masika yalipoanza akanikuta nakausha ugwe juu ya moto.

"Mzee wangu, kwa nini msitumie kamba ya nailoni?"

"Hii ndiyo tuliyorithi, afisa."

"Ngozi ikilowa inalegea, mshale unatua pajani badala ya kifuani. Mnyama anafaidika nini na urithi wako?"

Nilinuna. Nilimwona msichana wa vitabu. Mvua ilipozidi nikajaribu nailoni kwa siri, na sikurudi tena kwenye ngozi. Nawaambieni haya ili msinisingizie kwamba nachukia kila kipya.

Nilipostaafu nikajenga Nandagala, ambako mpaka leo wananiita Bwana Nyama, nikapanda mikorosho yangu nikatulia. Kikundi cha kijiji wakati huo kilikuwa mikononi mwa mpwa wangu Rashidi, mtu mzima mwenye mke na watoto. Mwaka jana rafiki yake aliyeko mjini akamletea upinde wa kisasa. Una vigurudumu kwenye ncha zote mbili, vinavyokupunguzia uzito wa kuvuta. Una kilengeo chenye vidoti vya rangi, na kifaa cha kuchungulia kinachokutajia umbali wa kitu. Mshale wenyewe una taa nyekundu mkiani, inayowaka ukiuachia, ili usipotee.

"Mjomba, mtambo huu haukosei," akaniambia. "Mambo ya kunyatia na kuchanwa na miba yamekwisha."

"Na kope?"

"Kope za nini tena, mjomba? Namalizana naye nikiwa ng'ambo."

Wazee wa kikundi hawakuupenda, vijana waliupenda mno, na mwenyekiti wa kijiji akaniomba nije kikaoni kutoa uamuzi. Kabla ya siku ya kikao, nguruwe wakaingia shamba la mhogo la Bi Somoe, mjane jirani yangu, ambaye hana kingine cha kumlisha mwaka mzima. Rashidi akasimama upande wa pili wa bonde, akachungulia kifaa chake, akapiga. Mshale ulimpata nguruwe. Wenzake wa kikundi wote walimwona akiyumba.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo upinde wa mkole usingeweza kulifanya. Mtu aliyenyatia anaijua ardhi aliyosimama mnyama, kwa kuwa ameitambaa kwa tumbo. Rashidi alipovuka bonde, kila kichaka kilifanana na mwenzake. Hakupaona mahali nguruwe alipokuwa amesimama, hivyo hakuiona damu, na ile taa ya mshale haikuonekana juani. Walizunguka, wakachoka. "Ataanguka tu huko," akasema, wakarudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi Bi Somoe alikwenda kutazama mhogo wake uliosalia. Nguruwe alikuwa amelala kwenye majani ya pembeni ya shamba. Alimpasua paja mpaka mfupa ukaonekana. Tulimbeba kwa machela kumpeleka hospitali, na njia nzima hakulia, alikuwa akiuliza tu, "Nitalima na nini?" Nilimtazama mpwa wangu kwa hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo juu ya mtu wa damu yangu.

"Twende," nikamwambia. "Mnyama wako yu hai."

Magoti yangu ni mabovu, lakini nilitangulia mimi. Tulifuata damu kuanzia pale alipoumizwa Bi Somoe, tukampata kwenye korongo, amelala ubavu, anakoroma. Mshale ulikuwa umezama tumboni, na taa yake ilikuwa bado inawaka, inapanda na kushuka kwa pumzi zake. Rashidi akammaliza kwa mkuki. Halafu akakaa chini akashika kichwa, nami sikumbembeleza.

Kikaoni watu walitarajia nivunje ule upinde mbele yao. Bi Somoe alikuwa bado hospitalini, lakini alituma neno kwa binti yake: "Mwambieni Bwana Nyama, mimi sikuumizwa na magurudumu. Niliumizwa na walioacha kumtafuta." Neno lile lilinikata maneno yote niliyokuwa nimeyaandaa. Nikasema kilengeo na kile kifaa cha umbali vitoke, kwa sababu vinamshawishi mtu asimame asipopaswa kusimama. Upinde wenyewe ukae nyumbani kwangu, na Rashidi atalima kwa Bi Somoe kama desturi inavyotaka. Nitaurudisha siku nitakayoridhika. Vijana walinung'unika, lakini Rashidi mwenyewe alikwenda kutafuta jembe.

Amelima msimu mzima. Amepanda mhogo, amepalilia, na Bi Somoe sasa anatoka na mkongojo kumwonyesha palipobaki magugu. Mimi hukaa barazani nikiutazama upinde ule ukutani. Ni kitu kizuri, siwezi kusema uongo. Nimeuvuta mara kadhaa watu wakiwa hawapo, mabega yangu ya kizee yakaweza. Ningekuwa nao Mnero, pengine ningewinda miaka mingine zaidi. Ninachouogopa ni ule urahisi wa kuua kitu usichokiona sawasawa.

Wiki iliyopita Rashidi alikuja asubuhi, miguu ina umande, jembe begani. Hakuketi.

"Shikamoo mjomba. Ametoka nguruwe leo, jike. Nilikuwa nimeinama napalilia, hakunisikia, upepo ulikuwa unatoka kwake. Akasimama pale nami pale."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini na jembe? Nilimtazama tu." Akashusha jembe begani. "Ana kope ndefu, mjomba. Nyeupe. Sikujua."

Niliinuka, nikautungua upinde ukutani, nikampa.