Mpiga Pasi Aliyechagua Kompyuta Yenye Lori

Mvuke unapanda kutoka kwenye meza ya pasi na kumfunika uso. Unapotawanyika, shati jeupe limekwisha kunyooka: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, na kifua mwisho. Mwanamke huyu analitundika, anahamisha uzito kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia, na kuchukua lingine.

Hapa kwenye duka la dobi wenzake humwita Mama Mkunjo. Suruali ikishapita mikononi mwake, hubaki na mkunjo mmoja tu kila mguu, ulionyooka kama uzi. Kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na saba, yote akiwa amesimama.

"Jioni viatu havinitoki," anasema, akicheka kidogo. "Nikifika nyumbani, miguu ni mizito kama ndoo za maji."

Ndiyo maana jicho lake halibanduki kwenye kiti kimoja. Kiko mbele, kwenye kaunta, na kina mto wa bluu. Karani anayekikalia anastaafu mwishoni mwa mwaka, na meneja amekwisha kutangaza kwamba kitapewa mfanyakazi atakayeshinda jaribio la kuandika oda za wateja kwenye kompyuta bila kushikwa mkono.

Mama Mkunjo alijifunza kusoma akiwa na watoto wakubwa, katika darasa la watu wazima. Darasa hilo lina kompyuta mbili kwa wanafunzi ishirini. "Zamu yangu ikirudi, vidole vimesahau kila kitu," anaeleza. Akaanza kuweka akiba ili anunue yake.

Siku ya kununua alikwenda na mumewe, ambaye mtaani anajulikana kama Dereva. Aliendesha malori ya masafa marefu hadi kiharusi kilipomwangusha. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi kwa taabu, lakini mkono wa kushoto ulibaki umelala mapajani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwaambia kwamba mkono ule unahitaji sababu ya kuamka. Kila alipobanwa afinye mpira, Dereva aliufinya mara mbili, kisha akageukia ukutani.

Fundi anayeuza kompyuta zilizotumika aliwapokea kwa swali ambalo humwuliza kila mteja.

"Nyumbani kuna anayecheza gemu?"

"Gemu?" Mama Mkunjo alishtuka. "Mwanangu, unaniona mtoto? Nipe kompyuta isiyojua gemu kabisa."

"Basi umenirahisishia kazi, mama."

Akamletea kompyuta ndogo ya kukunja, nyepesi kama sinia. Inaandika vizuri, haigandi, na akiba yake iliitosha. Mama Mkunjo akaanza kufungua pochi.

Nyuma yake, kwenye meza ya majaribio, kompyuta kubwa ya sanduku ilikuwa inaonyesha barabara ndefu kupitia kioo cha lori. Dereva alikuwa amesogea pale bila kuaga. Fundi akamwekea kiti na usukani mdogo wa plastiki.

"Jaribu, mzee."

Mama Mkunjo akageuka na kusogea karibu. Dereva alishika usukani kwa mkono wa kulia. Akatazama kioo cha pembeni. Lori likaanza kupanda mlima, injini ikalia kwa uzito, na hapo mkono wa kushoto ukanyanyuka kutoka mapajani kwenda kutafuta gia.

Gia haikuwepo. Mkono ulipapasa hewa, ukagonga kikombe cha chai cha fundi, na chai ikawamwagikia wote watatu magotini.

"Samahani," Dereva alisema. "Gari limekosa gia."

Mama Mkunjo hakufuta chai. "Nilikuwa nautazama ule mkono," anasimulia. "Mimi ndiye niliyekuwa nauweka juu ya mto kila siku. Sikuwahi kuuona ukienda mahali wenyewe."

Akamwonyesha fundi ile ndogo. "Gemu hilo tuliweke humu."

"Haliingii, mama. Ndogo si mbaya, ila mfumo wake ni mwingine, na gemu hili limetengenezwa kwa ajili ya mfumo wa ile kubwa. Ni kama kutia petroli kwenye gari la dizeli."

"Petroli unatia," Dereva akadakia, macho yakiwa bado barabarani. "Kufika ndiko hufiki."

Ile kubwa ingeweza kufanya yote mawili, kuandika na kuendesha, lakini ilihitaji kuongezewa kadi ya picha, kifaa cha kufanya gemu liende bila kukwama, na bei yake ilidai miezi minne zaidi ya kuweka akiba. Miezi hiyo ingemwachia wiki chache tu za mazoezi kabla ya jaribio la meneja.

Alifunga pochi. "Niwekee kubwa," alimwambia fundi.

Kazini wenzake hawakumwacha. "Umemnunulia mtu mzima mdoli," alimtania mwenzake wa meza ya pili. "Kiti kile tutakikalia sisi, wewe ukapangiwe safari."

"Na mizigo yenu nitabeba," alijibu, akaendelea kupiga pasi.

Leo kompyuta hiyo imekaa sebuleni, kubwa, ya kijivu, inavuma kama feni. Kushoto kwa kiti cha Dereva kuna kopo la rangi lililojazwa mchanga, na ndani yake umesimikwa mpini wa ufagio uliokatwa. Juu yake Mama Mkunjo ameshonea kitambaa cha pamba, kisha akakipiga pasi. Hiyo ndiyo gia. Haijaunganishwa na chochote, kwa kuwa kompyuta hubadilisha gia yenyewe, lakini kila mlima unapoanza mkono wa kushoto huenda pale, polepole, na kuishika.

Sheria ya nyumba ni moja: masomo kwanza. Mama Mkunjo huandika oda za kubuni, mashati matatu, suruali mbili, shuka moja, huku mumewe akimsomea kwa sauti kama mteja mkorofi.

"Na suruali yangu isiwe na mikunjo miwili."

"Kwangu? Nenda kaulize mtaani."

Akimaliza, anavuta kigoda chake kando ya kiti cha mumewe. Kampuni aliyoifanyia kazi Dereva ilikataza kubeba familia, hivyo katika ndoa yao yote hakuwahi kupanda lori lake hata mara moja. Sasa amepewa cheo cha utingo.

"Utingo, umefunga mlango?"

"Nimefunga. Ondoa gari."

Jaribio ni wiki ijayo. Bado anatafuta herufi kwa macho, na mwenzake wa meza ya pili ana kasi kuliko yeye. Hilo analijua na halifichi.

"Nikikipata kile kiti, nitafika nyumbani miguu ikiwa ina nafasi ndani ya viatu," anasema. "Nisipokipata, nitajifunza hadi kiti kingine kiwe wazi. Kompyuta ipo."

Kwenye kioo cha kompyuta, kona kali inakaribia. Mguu wake uliovimba unakanyaga sakafu kwa nguvu.

"Acha kukanyaga breki, mama," Dereva anamwambia. "Hiyo ni sakafu tu."

"Na wewe hicho ulichoshika ni kijiti tu," anamjibu. "Tazama barabara."