Kilo Sita na Nusu Kuzunguka Meru

Nilibeba vitu vya watu kwa miaka minane. Hema za watu, viti vya watu, matikiti maji ya watu, na safari moja, Mungu ni shahidi, choo cha watu, kile cha plastiki cha kukunja. Tukifika juu mlimani kila mgeni alikuwa anapiga picha na kusema amepanda. Mimi nilikuwa nimepanda pia, kichwani nina kilo ishirini zilizopita kwenye mizani ya geti la hifadhi, na nyingine ambazo kiongozi wetu alikuwa akinipachika nyuma ya kona, geti likishapotea machoni, huku ananiita dada jasiri. Ujasiri wenyewe nikaulipia kwa shingo. Daktari aliishika picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia mzigo wa kichwani basi, tena basi kabisa.

Nikarudi chumbani kwangu Kaloleni, nikawa nauza uji asubuhi karibu na uwanja wa mpira. Sina ubaya na uji. Ila kila nikiinua macho naona Meru imekaa pale juu, naijua kila jiwe lake, na mimi nashika mwiko. Ilinichoma roho, nisidanganye.

Ndipo nikasikia kuna bosi mmoja, mwenye kampuni ndogo ya utalii, anatafuta mwanamke wa kuongoza safari za baiskeli. Si zile za gari kufuata nyuma na mpishi. Kila mtu na baiskeli yake, hema yake, chakula chake, siku mbili kuuzunguka mlima, hakuna gari, hakuna mpagazi. Nilivyosikia hayo maneno mawili, hakuna mpagazi, nilicheka peke yangu mpaka wateja wa uji wakanitazama. Niliitaka ile kazi kweli kweli. Nikaenda kumwona. Akaniambia kuna mzunguko wa majaribio wiki ijayo, twende mimi, yeye na fundi wake wa baiskeli. Nikifanya vizuri, kazi yangu.

Baiskeli nilikuwa nayo, ya gia, ya mtumba, breki zinapiga kelele lakini zinashika. Mabegi ndiyo sikuwa nayo. Yale ya dukani ya kufungwa kwenye fremu ni mazuri kweli, nimeyashika, nikayarudisha nilipoyatoa. Nikaenda Ngarenaro kwa fundi viatu ninayemfahamu, mzee mmoja anayeongea na sindano mdomoni. Nikamchorea kwenye boksi: moja la pembetatu la kukaa katikati ya fremu, moja refu la kufunga chini ya siti, na mikanda miwili ya kushikia hema kwenye usukani.

"Haya mabegi ni ya baiskeli au ya punda?" akaniuliza.

"Ya kwangu mimi."

"Basi ni ya punda," akasema, akacheka peke yake, akakata turubai kuukuu la lori. Mikanda aliitoa kwenye siti za gari bovu la jirani yake. Alishona mshono mara mbili kila mahali, na alipomaliza akaning'inia kwenye begi mwenyewe kuonyesha halikatiki.

Kupanga vitu nilipangia kwa mama, juu ya Tengeru, kwa sababu mama ana mizani. Ni ile ya kutundika, yenye ndoano, anapimia parachichi wanunuzi wakija. Ameifunga kwenye boriti ya baraza. Nikamwaga kila kitu kwenye mkeka nikaanza kutundika kimoja kimoja, na mama akakaa kwenye kigoda kunitazama kama ninaloga.

Kanuni yangu ilikuwa moja. Kila kitu nilikiuliza: nikikukosa nitakufa, au nitanuna tu? Cha kuninunisha kinabaki. Suruali ya pili ilibaki. Sabuni nikaikata kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Mswaki nikaukata mpini. Sufuria moja, ndiyo sahani, ndiyo kikombe. Hema nikachukua kitambaa cha juu na nguzo, cha ndani nikakiacha, maana mbu wa upande wa kaskazini siwaogopi kuliko uzito mlimani. Lakini sweta la sufu niliweka bila kuuliza. Watu wa huku kwetu kwenye migomba wanadhani Ngarenanyuki ni joto kwa kuwa ni kukavu. Wapi! Upepo wa kule alfajiri unaingia mpaka kwenye fizi. Tyubu mbili, viraka, gundi, pampu, spana, hapo sikupunguza hata kimoja. Unga wa ulezi, karanga, chumvi, kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni.

"Na blanketi?" mama akauliza.

"Nina begi la kulalia."

"Na chupa ya chai?"

"Mama, chupa tupu ina kilo nzima."

"Mtu anasafiri bila chai? Wewe mtoto una wazimu." Akaingia ndani, akatoka na kitenge na parachichi sita. Kitenge nilichukua. Kitenge ni shuka, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kamba ukikisokota. Parachichi nikatundika: karibu kilo mbili. Nikala moja pale pale, nikachukua mawili, mengine nikamrudishia. Alinuna.

Jumla ikaja kilo sita na nusu, bila maji. Nilimwonyesha mama mshale wa mizani. Akasema tu, "Mbona unateseka kupunguza? Ulibeba ishirini. Mtu akikupa mzigo na anakulipa, huo mzigo ni wako."

"Hata wa huyu bosi nikipewa sitabeba," nikamwambia.

"Thubutu!" akasema mama. "Utabeba."

Siku ya safari tulikutana Usa River asubuhi. Fundi wa baiskeli alikuwa mtu mkimya, amefunga tairi la akiba kiunoni kama mkanda. Bosi alikuja na baiskeli mpya inayong'aa, na nyuma yake mabegi mawili makubwa yamefura pande zote. Nikamwambia, "Bosi, hebu tupime." Nilikuwa nimeazima ile mizani ya mama. Tukaitundika kwenye tawi. Kilo kumi na tisa.

"Aisee, si haba," akasema, tena kwa kujisifu. "Mimi napenda kujitegemea."

Nilimshauri tupunguze. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye ni mtoto wa Kilimanjaro, milima kaanza nayo utotoni. Haya. Mkubwa akisema hivyo unafanyaje? Mizani nikampa konda wa daladala airudishe kwa mama, tukaondoka.

Siku ya kwanza alijikaza kisabuni. Kupanda kwenda Ngongongare alikuwa ananisimulia habari za wageni atakaowaleta. Kufika msituni simulizi zikakatika, akabaki anapumua. Mbele kidogo nyati walikuwa wamelala karibu na barabara, tukateremka tukasukuma taratibu bila kusema, na nadhani hapo ndipo alipopumzika. Jioni tuliomba kulala kwenye kiwanja cha kanisa Ngarenanyuki, kati ya mashamba ya nyanya. Mimi nilimaliza kufunga hema na kupika uji, yeye bado anatafuta tochi kwenye mabegi yake. Usiku upepo ukaja kama nilivyosema. Nilivaa sweta langu, nikalala fofofo.

Asubuhi tukaanza kupanda kuelekea Oldonyo Sambu. Njia ile ina vumbi jepesi la mlima, tairi linazama, unakanyaga mara tatu unasogea mara moja. Jua likatoka. Kama saa nne hivi bosi akasimama, akalaza baiskeli chini. Uso umejaa vumbi, jasho limechora mistari. Fundi na mimi tukasimama naye. Akanywa maji, akafungua mkanda wa begi moja, akalinyanyua, akanipa mimi. Hakumpa fundi aliyekuwa karibu naye. Alinyoosha mkono akapita mbele ya yule mwanamume, akanipa mimi.

"Dada, nisaidie hili," akasema. "Wewe umezoea."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya, ingekuwa rahisi. Alisema kama mtu anayeomba chumvi mezani. Na miguu yangu ilikuwa inaweza, hilo ndilo lililoniuma zaidi; begi lingekaa kwenye baiskeli, shingo isingejua kitu. Mikono yangu tayari ilikuwa imeinuka kulipokea, yenyewe, sikuituma. Nikaiona imeinuka. Nikairudisha kwenye usukani.

"Sibebi," nikasema.

"Nini?"

"Sibebi, bosi. Safari umeiita ya kujitegemea. Jitegemee."

Fundi alianza kukagua tairi lake kwa makini sana, spoku moja moja. Bosi akabaki na begi mkononi. Akaniambia, "Unajua tuko kwenye majaribio?" Nikamwambia najua. "Unajua kazi ni ya kwangu kutoa?" Nikamwambia najua hilo pia. Kwa kweli nilikuwa naiona ile kazi inaondoka, naiona kabisa. Lakini hasira ilikuwa imepanda kuliko woga. Miaka minane!

"Kubeba sibebi," nikasema. "Kukufundisha nitakufundisha. Kaa chini."

Akakaa. Nadhani ni uchovu, si utii. Nikatandika kitenge cha mama kwenye vumbi nikamwaga mabegi yake yote mawili. Yesu wangu! Suruali tatu za jinzi. Birika la chuma. Spika ya muziki. Kiti cha kukunja. Pasi, jamani, pasi ya umeme, kule ambako hata nguzo ya umeme hatujaiona tangu asubuhi. Nikashika kimoja kimoja nikawa namuuliza: ukikosa hiki utakufa au utanuna? Mara ya kwanza alikasirika. Kwenye pasi akaanza kucheka. Tulipofika kwenye kiti yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Nitanuna." Tukajaza begi moja vitu vya kununa. Akalifunga kwenye baiskeli yake mpaka kijiji cha mbele, alilisukuma mwenyewe, na pale akampa dereva wa fuso la nyanya alipeleke mjini.

Baada ya hapo alipanda. Polepole, anaguna, lakini alipanda, na tulipotokea kwenye lami ya Oldonyo Sambu akanyoosha mikono juu akapiga kelele peke yake katikati ya barabara, ng'ombe wa watu wakashtuka. Nilifurahi naye. Siwezi kusema sikufurahi.

Ngaramtoni tukasimama kula mahindi ya kuchoma. Bosi akanifuta vumbi begani kwa kidole, akasema, "Dada, kazi ni yako."

Nikasema asante.

"Ila kitu kimoja," akasema. "Mimi nimekuelewa. Wageni wa kweli usiwaletee mambo uliyoniletea mimi kule juu. Mgeni akichoka akakupa begi, chukua, tabasamu, songa mbele. Wewe nguvu unazo. Hiyo ndiyo huduma."

"Kwa hiyo ndiyo kazi?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Nikatazama hindi langu, bado nusu. Nilijaribu, wallahi nilijaribu, kulitafuta neno ndiyo. Chumba cha Kaloleni nilikifikiria, na mwiko wa uji. Kisha nikamwambia kwa heshima yote, "Basi tafuta mwingine, bosi. Mimi sibebi." Akasema nifikirie. Nikamwambia nilifikiria tangu yale matikiti maji, na kwa kuwa hakuelewa ninachozungumzia, nikampa mkono, nikampa na fundi, nikapanda baiskeli.

Sikwenda nyumbani. Nilipita mjini moja kwa moja mpaka kwa mama, njia ya mwisho nikasukuma kwa miguu. Nilikuwa nalia kidogo, na nilikuwa na hasira na kulia kwangu. Mama alikuwa barazani. Pembeni yake umelazwa mkungu wa ndizi uliokatwa siku hiyo, unamngoja mnunuzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepata?"

"Nilipata. Nikakataa." Nikamweleza yote, begi na mahindi. Nilikuwa najiandaa kugombezwa. Nikaifunga tena mizani kwenye boriti yake ili niwe na la kufanya. Ndipo akaniambia, "Hebu nitundikie huo mkungu."

Ndizi kwetu hazipimwi. Mnunuzi anautazama mkungu, mnabishana, basi. Mama alikuwa ameteremka na mikungu kichwani kwenda sokoni Tengeru kila Jumatano na Jumamosi tangu kabla sijazaliwa, na hakuwahi kuupima hata mmoja. Nikautundika kwa shida. Mshale ukateremka ukapita ishirini, ukapita thelathini, ukasimama kwenye thelathini na nne.

Mama akasogea akausoma mwenyewe, kidole juu ya kioo. "Kumbe," akasema. Akaishika shingo yake kwa nyuma, pale pale ninaposhikaga mimi yangu. Sikuwahi kumwona akiishika, au alikuwa anaishika siku zote na mimi sitazami.

"Ulimwambiaje huyo bosi wako?"

"Nilimwambia sibebi."

"Hivyo tu? Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Sema tena nisikie."

Nikasema tena. Mama akautazama mkungu. Akalisema na yeye, mdomoni tu kwanza, kama mtu anayeonja mboga. "Sibebi." Kisha akalisema kwa nguvu, kuku wakatawanyika, na jirani yetu akauliza kutoka upande wa pili wa shamba la kahawa, "Mama, hubebi nini?"

"Chochote!" mama akamjibu.

Mkungu tuliuacha ukining'inia pale pale, mpaka mnunuzi aje aubebe mwenyewe.