Sala Ambayo Mwalimu Asheri Hakuisoma Kitabuni

Katika kambi ile ya mkonge, upande wa Kigombe, hakuna aliyeijua Katekisimu kama Mwalimu Asheri. Amri, Imani, Sala ya Bwana na maelezo yake yote alikuwa nayo kichwani, wala hakuficha. Umwamkie tu shikamoo, yeye akujibu kwa aya.

Basi kilichomkereketa ni nini? Ni Lea, mwanamke aliyeshinda juani akianika katani kwenye nyaya, asiyejua a wala be. Mgonjwa akizidiwa, watu walipita mlangoni kwa Asheri, wakamsalimu kwa adabu zote, kisha wakaenda kumwita Lea aje aombe. Hata mkewe Asheri alipovimba mguu alikwenda huko huko. Na mguu ukapona, ndilo lililomuudhi zaidi! Siku hiyo Asheri alisusa chakula. Tuseme kweli: kijicho kilimtafuna.

Lakini rungu alilishika yeye. Hakuna aliyefika Meza ya Bwana bila kipaimara, wala aliyepata kipaimara bila kuisema Katekisimu kwa ghibu mbele ya Asheri. Lea alishindwa mwaka wa hamsini na mbili, akashindwa tena hamsini na tatu. Kila mara Asheri alimchagulia swali refu kuliko yote, na kila mara Lea alibaki kiti cha nyuma, akiwatazama wenzake wakipokea.

Mwaka wa hamsini na nne Mchungaji Abrahamu alikuja mwenyewe kutoka Tanga kusikiliza. Asheri akauliza lile lile refu. Lea akaanza vizuri, akafika katikati, akarudia maneno yale yale mara mbili.

"Nimekwama, mwalimu," akasema, machozi yakimlenga.

Asheri akashusha pumzi kwa raha. Mchungaji akainama mbele.

"Maneno yamekukimbia, mama. Na kuomba je, kakufunza nani?"

"Mwalimu huyuhuyu, baba mchungaji."

Asheri akamkodolea macho.

"Siku ile alipomzika mwanawe, Noa," Lea akaendelea. "Alifungua kitabu, asiweze kusoma. Akakifunga, akapiga magoti pale udongoni, akasema, 'Baba, mshike wewe, mimi nimeshindwa.' Basi. Nami tangu siku ile naomba vivyo hivyo."

Miaka sita Asheri aliihesabu siku ile kuwa aibu yake kubwa, mwalimu mzima kukosa neno kaburini mbele za watu. Alikuwa akiomba wasahau. Kumbe kuna aliyeitunza.

"Unasemaje, mwalimu?" akauliza mchungaji.

Asheri alikifunga kitabu kilichokuwa mkononi mwake.

"Apewe kipaimara," akasema.

Jumapili ile Lea alipiga magoti mezani pamoja na wenzake. Wivu wa Asheri haukuisha, ulihama tu. Sasa alimwonea wivu yule baba aliyepiga magoti udongoni, yeye mwenyewe wa miaka sita nyuma, na njia ya kumrudia hakuijua.