Marehemu wa Swali la Tano

Chuo kikuu kilikwisha kuamua kwamba mtu asijenge daraja kabla hajasoma maadili ya dini yake. Kwa hiyo kila mwanafunzi Mwislamu wa mwaka wa mwisho, awe wa uhandisi, wa uuguzi au wa kilimo, alipangiwa somo la muda wa saa mbili kila Jumatatu, kuanzia saa moja asubuhi. Ni saa ambayo imani ya mtu hupimwa hata kabla mwalimu hajaingia.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye sauti ya mtu anayezungumza karibu na mgonjwa aliyelala. Wanafunzi walimwita Bi Wastani. Nusu ya sababu ilikuwa mafundisho yake: kwamba umma huu umeitwa umma wa wastani, kwamba dini ni nyepesi na anayeikaza itamshinda, kwamba Mtume akiwekewa mambo mawili alichagua lililo jepesi, maadamu si dhambi. Nusu ya pili ilikuwa alama zake, ambazo hazikuwahi kumnenepesha mtu.

Mtihani wake ulikuwa na maswali matano. Manne aliyabadilisha kila mwaka. La tano halikuguswa: "Jirani yako amefariki. Alikuwa mlevi, na watu hawakuwahi kumwona msikitini. Jamaa zake wamekuja kuuliza afanyiwe nini. Toa hukumu kwa ushahidi. Alama ishirini."

Wanafunzi walilijua swali hilo kama wanavyojua mlango wa kantini, na walirithishana majibu yake. Wasichojua ni kwamba jirani huyo hakuwa wa kubuni. Alikuwa baba yake Bi Wastani.

Alisahihishia nyumbani, kwenye meza ya jikoni, baada ya swala ya alfajiri. Mumewe, fundi wa majokofu, alimpikia chai kisha akajitenga, maana alijua msimu huo ndani ya nyumba kuna msiba. Mama yake mzazi, aliyekuwa amepita themanini, masikio yamechoka lakini ulimi mzima, alikaa pembeni akichambua mchele na kuuliza alichouliza kila mwaka.

"Haya, baba yako safari hii amezikwa na wangapi?"

"Wanafunzi tisini na wawili mpaka sasa, Mama."

"Kati ya?"

"Mia moja na tatu."

"Alhamdulillahi. Siku yenyewe hawakutimia ishirini."

Siku yenyewe Bi Wastani alikuwa na miaka tisa, nyuma ya pazia. Baba yake alikuwa seremala aliyepima mbao vizuri asubuhi na watu vibaya jioni. Alipokufa, wanaume walifika mpaka mlangoni na hapo wakapata mambo mengi ya kujadili. Mmoja alisema huyu alikuwa mlevi, kana kwamba ndiyo kwanza habari zinaingia mjini. Mwingine akasema pengine ingefaa kuuliza kwanza. Aliyeingia ni mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Bi Wastani, mtu aliyejipatia riziki kwa cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alikunja mikono ya kanzu, akawageukia wale wa mlangoni.

"Hukumu ina Mwenyewe," alisema. "Sisi kazi yetu ni maji. Nani anashika ndoo?"

Mmoja akaishika, na nyuma yake wakaingia wengine wakiona haya kubaki nje. Kwa sentensi hizo tatu msichana wa nyuma ya pazia alisoma dini mpaka chuo kikuu, na tangu hapo hapakupita wiki asimwombee dua fundi yule. Alikuwa na deni la fadhila lisilolipika, akaamua angalau kulisambaza.

Karatasi ya mia na nne ilikuwa ya Amiri. Ndivyo alivyoitwa na wote, kwa kuwa ndiye kiongozi wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu: kijana wa uhandisi wa maji, ndevu chache zilizotunzwa kwa matumaini makubwa, ambaye darasani hakucheka hata pale mwalimu aliposubiri wacheke. Kwenye swali la tano alikuwa amejaza kurasa nne. Marehemu asiswaliwe na yeyote, asizikwe pamoja na Waislamu, na jamaa zake waambiwe waziwazi ili iwe funzo. Rai hiyo ya wachache aliipa ushahidi na kuipigia mistari kwa rula. Rai ya wengi, kwamba mtu wa aina hiyo aoshwe, aswaliwe na aombewe, ilipata mstari mmoja, nao ni wa kuikataa.

Bi Wastani aliandika sifuri. Kalamu nyekundu ilitoboa karatasi.

Kisha akajumlisha. Maswali mengine yalimpa Amiri thelathini na sita, na kufaulu ni arobaini. Angerudia mwaka mzima, na idara ya maji iliyomwahidi kazi isingemsubiri.

"Chai inapoa," alisema mumewe. Akaiona karatasi. "Nani huyo umemchoma kisu?"

Mkewe akamsimulia. Fundi majokofu alifikiri kwa utaratibu, kama anayesikiliza mashine.

"Sifuri hiyo ni ya hoja," aliuliza, "au ni ya baba mkwe wangu?"

Kuna maswali ambayo mke hupendelea yasiulizwe na mtu aliye sahihi. Kila mwaka, wiki ya tatu, Bi Wastani alifundisha kwamba hakimu asihukumu kati ya watu akiwa na hasira. Alikuwa hata na mfano wa kuchekesha. Mfano hakuukumbuka asubuhi ile. Aliifuta sifuri, akaitia karatasi ndani ya bahasha, na kuipeleka kwa mwenzake wa ofisi asahihishe swali hilo moja.

Mwenzake alifundisha historia ya dini, na kwa kuwa alikuwa anasubiri uprofesa kwa mwaka wa kumi na moja, aliitwa Profesa Mtarajiwa. Alirudisha karatasi baada ya chakula cha mchana.

"Kumi na nne," alisema.

"Umeisoma?"

"Dada yangu, nimeisoma mpaka nikaona baridi. Sikubaliani naye hata nukta. Lakini mwongozo wako wa kusahihisha unasema hukumu kumi, ushahidi kumi. Huruma hukuiandika popote. Sita nimempunguza kwa kumkanyaga mwenye rai nyingine, na hizo nazo nimezitafutia sababu kwa tochi."

Bi Wastani alimshukuru, na shukrani ikamshuka kooni kama kidonge bila maji. Lakini alijaza hamsini kwenye fomu. Amiri amefaulu.

Matokeo yalipobandikwa, wa kwanza kubisha mlango wa ofisi alikuwa Amiri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hongera, mwanangu."

"Asante. Nimekuja kuulizia zile sita."

"Sita zipi?"

"Za swali la tano. Nimepata kumi na nne. Ushahidi wangu wote ni sahihi, nimeuhakiki."

Profesa Mtarajiwa, kwenye meza ya pili, alifungua kitabu kikubwa na kujificha nyuma yake. Bi Wastani alikuwa ameandaa maneno ya upole kuhusu adabu ya kutofautiana. Kinywa kikatoa mengine.

"Yule marehemu ni baba yangu," alisema. "Nilikuwa na miaka tisa."

Amiri alitazama sakafu, kisha akatamka kile kinachotamkwa, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Ilikuwa rambirambi iliyochelewa miaka arobaini na mitatu, lakini ofisini humo ilikuwa ya kwanza.

"Alioshwa na nani?" aliuliza.

Bi Wastani alilitarajia swali lolote isipokuwa hilo. Alimweleza habari ya fundi cherehani, mlango, ndoo. Amiri alisikiliza akiitikia kwa kichwa, kama mtu wa ufundi anayesikia habari za mwenzake wa ufundi.

"Walevi ni wazito," alisema. "Siyo kwa dharau, Mwalimu. Miguu huwa imevimba. Mwezi wa pili hospitali ilituita. Jumuiya yetu huwaosha wasio na ndugu. Mzee mmoja, ameokotwa barabarani, pombe inanuka mpaka kwenye maji. Tukamwosha, tukamswalia. Tulikuwa saba."

"Aliyeswalisha nani?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Nani tena? Wenzangu walikuwa na mtihani wa hesabu saa nne, wanaangalia saa."

"Mliuliza kama alikuwa anaswali?"

"Tumuulize nani? Alikuwa peke yake. Na hata hivyo... mtu amelala pale, Mwalimu. Unaanzaje kuuliza?"

"Sasa mbona kwenye karatasi hukuandika hivyo?"

Amiri alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Swali lilisema nitoe hukumu. Nilijua mnataka elimu. Ya hospitali siyo elimu, ni kazi tu."

Kitabu kikubwa kwenye meza ya pili kilishuka taratibu. Bi Wastani aliivuta nakala ya mtihani, akaisoma kama aliyeiandika mtu mwingine. Miaka yote hiyo alikuwa amewapanga vijana wa watu mlangoni kwa baba yake, mamia kwa mamia, akawapa kalamu na kuwaambia wahukumu. Waliomzika na waliomkataa wote walikuwa wamesimama nje. Fundi cherehani, angefanya mtihani ule, angepata sifuri.

Alichukua kalamu, akakata neno "hukumu", kisha akakata swali zima, na juu yake akaandika: "Eleza siku uliyomhudumia mtu ambaye ungeweza kumpa kisogo. Ulifanya nini, na ulijifunza nini?"

"Ofisi ya mitihani itakurudishia," alisema Profesa Mtarajiwa. "Watataka jibu sahihi."

"Watarudisha, nami nitapeleka tena." Akamgeukia Amiri. "Asante, mwanangu. Leo umenifundisha mimi. Lakini sita sina."

"Basi, Mwalimu. Tena naona hata zile kumi na nne..."

"Usithubutu kuzirudisha. Utarudia mwaka."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo, Amiri alicheka. Alikuwa na meno mazuri. Kuyaficha muda wote huo kulikuwa hasara kubwa kwa jumuiya.

"Kwenye kundi lenu, wanawake mnao?" aliuliza Bi Wastani.

"Wawili tu. Mmoja anahitimu, na wodi ya kina mama hutuita sana."

"Niandike mimi."

Amiri alitoa daftari lenye safu zilizochorwa kwa rula. Aliandika jina, akaandika namba ya simu, akafika safu ya tatu.

"Uzoefu?"

"Ninao wa nadharia," alisema Bi Wastani. "Miaka ishirini na mmoja."

Amiri alifikiri kidogo, akaandika: Hana.

Bi Wastani aliisoma kichwa chini miguu juu kutoka upande wake wa meza, akaona hana la kukatia rufaa, akamshukuru tena, na kumuuliza waanze siku gani.