Skonzi za Mama Agripina

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Mama Agripina alifunua kitambaa kwenye beseni la unga uliokandwa, akaubonyeza kwa kidole cha mwisho. Kishimo kikijaa polepole, aliwasha moto. Nilikuwa namtazama kutoka uani kwetu. Shule nilishaiacha darasa la tatu, nikawa namtunza bibi yangu, Hamisa.

Mama Agripina alitoka milimani, mjane, mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini, akapangiwa kiwanja jirani yetu. Skonzi hatukuwa tumezizoea, lakini zake zilituingia. Kila nyumba aliipa umbo lake: Mzee Sadala konokono, mwenyekiti msuko, sisi fundo. Sufuria moja tu, moto chini, makaa juu ya mfuniko. Harufu ile nikiikumbuka mpaka leo nameza mate.

Ramadhani bibi akamwagiza skonzi za futari. Hamira haikuwepo dukani, hata Korogwe haikuwepo. Lakini skonzi zilikuja, zimeumuka kuliko siku zote. Mzee Sadala alikula nne.

"Wewe ulifunga kweli?" bibi akamtania.

"Niache, Hamisa. Nikimaliza hii nakwenda kumposa mpishi."

Kesho yake bibi alikwenda kumshukuru, nikamfuata.

"Hamira uliipata wapi, mwanangu?"

Angeweza kusema Tanga. Mikono yake ikasimama kwenye unga.

"Nilitia machicha ya boha, mama. Kwetu hamira ikikosekana tunatia pombe ya miwa. Inaishia motoni."

"Tumefuturu boha," bibi akasema taratibu.

"Sikujua kama ni vibaya hata ikishaiva."

"Ungeuliza."

Bibi alirudi nyumbani akasukutua. Alimwambia Mzee Sadala peke yake, ikatosha. Watu waliendelea kumsalimu Mama Agripina vizuri tu, wakapita. Skonzi zikakauka kapuni, na shamba la kumlisha hakuwa nalo.

Baada ya Idi moyo wa bibi ukalainika. Akanituma nimwambie hamira imekuja dukani, atuokee sita. Nilimkuta mlangoni, sufuria kichwani, mlango ameufunga kwa kamba.

"Shikamoo, mama." Nikampa maneno ya bibi.

"Marahaba. Mwambie nimesikia, na anisamehe. Lakini hata nikitia hamira, kila mtu atainusa skonzi kwanza."

Akashika njia ya Korogwe. Hakurudi tena.