Birika Anatafuta Fundi wa Hita

Jina la Birika hakupewa na mzazi. Alilipata kwenye korido ya ghorofa ya pili, siku alipotoka na taulo kiunoni na birika mkononi kwenda kuomba maji ya moto kwa jirani. Mlango ukajifunga nyuma yake ukabana taulo. Yeye huku, taulo kule. Alichobaki nacho ni birika, akalitumia alivyoweza. Shangazi wa chini, ambaye si shangazi wa yeyote ila wapangaji wote humwita hivyo, alikuwa na simu mkononi. Kabla ya saa nne kundi zima la wapangaji lilikuwa limeshaona video, na jina likamganda kama kupe.

Tangu hapo akiandika hata "habari za asubuhi" kwenye lile kundi, watu wanacheka. Kwa hiyo hita ya maji ilipokufa Jumatatu, alitafuta fundi kimyakimya.

Anaishi na baba yake, fundi cherehani aliyepigwa na kiharusi mkono wa kulia. Mkono huo unataka dakika ishirini chini ya maji ya moto kila asubuhi, Birika akivinyoosha vidole kimoja kimoja. Wiki iliyopita mzee alishika mkasi. Hakukata kitu, aliushika tu, lakini Birika alikwenda jikoni akajifanya anamenya vitunguu.

Sasa maji ni ya sufuria. Ya tatu ikichemka, ya kwanza imeshapoa. Kufika Jumatano vidole vilikuwa vimejikunja ngumi.

Na mafundi? Wa kwanza alisema, "Niko njiani, nishaona geti lenu," huku nyuma yake mtu anakoroma. Wa pili aliomba picha ya hita, akajibu, "Pole sana," basi. Wa tatu alifika kweli, akaigonga hita mara tatu kama anachagua tikiti maji, akaenda kununua kifaa. Simu yake haipatikani mpaka leo.

Alhamisi asubuhi mzee alikataa kunyoosha mkono.

"Acha, Birika," alisema polepole. Naam, hata mzazi. "Ule mkasi mpe mtu."

Birika alikaa ukingoni mwa beseni, maji yakipoa. Kisha akameza aibu, akaandika kwenye kundi: "Jamani, fundi wa hita, haraka."

"Kwani birika limetoboka?"

"Tuandae kamera?"

"Taulo linasemaje?"

Akapiga picha ya ile ngumi kando ya mkasi, akaituma. "Ni mkono wa baba. Unajikunja. Mkimaliza kucheka nipeni namba."

Kisha Shangazi akaandika, "Mwanangu, si ungesema. Kaka yangu anafunga hita. Namfuata mwenyewe."

Haikupita saa akaja naye, ngazi kaibeba Shangazi. Fundi akafungua hita, akatoa koili ya kupashia maji, nyeusi kama mkaa.

"Nani aliwasha hii bila maji?"

Birika akaangalia sakafu. Jumapili usiku bomba lilikuwa linavuja. Kwa kuogopa kuchekwa kwenye kundi, alilitengeneza mwenyewe: akafunga koki, akamwaga maji ya tangi la hita, akabadilisha mpira. Kisha akawasha swichi. Koki aliikumbuka baada ya saa nzima.

"Mimi."

"Na tangi limepasuka. Hapa ni kubadilisha hita nzima," fundi alisema. "Birika mzima hujui maji hutangulia moto?"

Shangazi aliinama akacheka mpaka akashika ukuta. Simu ilibaki mfukoni.

Saa tisa hita mpya ikaanza kuvuma. Vidole viwili vilinyooka. Cha tatu kimegoma, na hakuna anayejua kama kitakubali. Mkasi bado uko kwenye droo.

Haya, zamu yenu. Wewe uliyebandikwa jina la ajabu ukaona haya kuomba msaada, tusimulie hapo chini yaliyokukuta. Na kama unamjua fundi ambaye akisema yuko njiani anakuwa njiani kweli, weka namba yake.